"Bosi, Gesi Hiyo!"

Ukitaka kujua Mwanza ina mafundi wa AC wangapi, usihangaike kuzunguka gereji. Simamisha gari popote kati ya Mkuyuni na Igoma, shusha kioo, jifute jasho. Muuza karanga atakwambia gesi imeisha. Wa bodaboda atasogea, ataingiza mkono dirishani bila hodi, ataweka kiganja kwenye tundu la upepo na kutikisa kichwa kwa masikitiko: "Bosi, gesi hiyo." Dada wa vocha naye ana shemeji yake anayejaza kwa bei ya kirafiki. Simba na Yanga zimetugawa, ila kwenye suala la gesi tuko kitu kimoja.

Kagari kangu ni haka ka Kijapani, kaliteremka bandarini kakiwa tayari kamechoka. Tabia yake ni hii: kakiwa kanakimbia, tuseme natoka Usagara asubuhi, baridi inakuja mpaka unatafuta koti. Tukifika Mkuyuni tukakuta foleni, AC inaanza kutoa upepo wa mtu anayepoza uji. Foleni ikifunguka, baridi inarudi kama vile hakuna kilichotokea. Sasa hata mtoto wa chekechea atauliza: hiyo gesi inaishaje kwenye foleni halafu inajaaje tena barabara ikiwa nyeupe? Namweleza fundi haya yote, taratibu, kwa Kiswahili. Hasikii. Ameshashika chupa.

Gesi ya AC siyo petroli, jamani! Haichomwi, haitumiki ikaisha. Inazunguka humo humo: kompresa inaisukuma, inapita kwenye kondensa pale mbele ya rejeta inatupa joto, inaingia nyuma ya dashibodi inakula joto letu, inarudi kompresa. Ikipungua maana yake kuna pahala inavuja, na inapovuja hutoka na oili yake, kwa hiyo kwenye maungio utakuta utandu wa mafuta umeganda vumbi. Chukua povu la sabuni, paka hapo, angalia kama linatoa mapovu. Kazi ya dakika chache na sabuni ya kipande. Lakini sabuni haina faida, gesi inalipwa elfu hamsini.

Aibu kubwa ni mama mkwe. Anatoka Sengerema na mizigo yake ya michembe na samaki wa kukausha, na mimi ndiye dereva. Enzi za kivuko, foleni ya Kigongo ilikuwa inatuchoma wote sawa, mwenye AC na asiye nayo, hakuna aliyemcheka mwenzake. Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa Juni 2025, kilomita 3 na kitu unazimaliza kabla salamu hazijaisha, upepo unakata mbele, AC yangu inang'ara. Mama mkwe akaanza kunisifia kwa watu. Sifa zenyewe ziliishia Nyegezi. Foleni, jua, vioo juu, samaki wakaanza kujieleza. Mama mkwe wa Kisukuma hawezi kunigombeza mimi mkwe wake ana kwa ana, kwa hiyo anamgeukia binti yake, nami nimekaa hapo hapo, goti langu linagusa kapu lake: "Mama Neema, hivi baba Neema yeye hasikii joto?"

Baba Neema akaenda kwa fundi.

Fundi mwenyewe kijana mchangamfu, chini ya mwembe, ana geji moja. Moja! Kazi hii inataka geji mbili, ya bluu kwa presha ndogo na nyekundu kwa presha kubwa, injini ikiwa inanguruma. Zote zikiwa chini, sawa, hapo tukae tuzungumze habari ya gesi na wapi inavuja. Ya bluu ikiwa juu na nyekundu chini, kompresa imezeeka. Zote zikiwa juu, joto limekosa pa kutokea, au kuna mtu kajaza kupita kipimo. Yeye ana ya bluu tu, kioo kimepasuka, sindano imepinda. Akaisoma kwa jicho moja kama daktari bingwa. "Imeshuka sana, bosi." Akaongeza. Siku hiyo mpaka nafika nyumbani kompresa ilikuwa inajikata yenyewe, inawaka, inazima, na baridi ikawa haba kuliko mwanzo. Nikarudi kulalamika. "Basi bado haijatosha," akasema, mkono unaelekea kwenye chupa.

Na kabla hajaongeza, si huwa wanaiachia kidogo hewani kwanza? Fsssss. Ile R134a, ndiyo gesi yenyewe ya AC, ni mojawapo ya gesi ambazo nchi za dunia zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuzipunguza kwa sababu zinapasha dunia joto: kilo moja ya hiyo ni sawa na zaidi ya kilo elfu moja za kaboni dayoksaidi. Kigali hapo, ng'ambo ya ziwa! Walivyoandikiana karatasi zote zile, hakuna hata mmoja aliyefika chini ya mwembe wetu.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa umeme wa magari, Nyakato, ambaye gesi haiuzi kabisa. Nadhani ndiyo maana akili ilikuwa huru. Akauliza swali ambalo nimekuwa nikilijibu kwa watu wasioniuliza: "Likiwa linatembea, inapoa?" Inapoa, mzee wangu. "Likisimama?" Haipoi. Akafunua boneti, akaniambia niwashe AC. Kompresa ikashika, tak. Feni ya kondensa ikanyamaza. Tukaisubiri. Imenyamaza tu. Akaigonga mota yake kwa mpini wa bisibisi, ikashtuka, ikazunguka kidogo, ikalala tena. "Kaboni zimeisha," akasema, yaani vile vipande vinavyopitisha umeme ndani ya mota. Barabarani upepo wa mwendo ulikuwa unafanya kazi ya feni bure. Kwenye foleni hakuna wa kuifanya.

Halafu akapiga tochi kwenye kondensa yenyewe. Ndugu zangu. Wale vijidudu vya ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi mwezi unapokuwa mchanga, nilikuwa nadhani wanaishia kwenye kioo na kwenye mandazi ya watu wa Kirumba. Kumbe nusu ya ukoo wao uko kwangu. Wameshonana katikati ya vile vipezi vya alumini, mabawa kwa mabawa, wamekauka, wamechanganyika na vumbi, ukikwaruza kwa ukucha linatoka gamba zima la kijivu kama mkeka. Chini kuna unyoya mmoja, sijui wa ndege gani. Upepo upite wapi hapo? Mzee akamwaga maji ya sabuni polepole, kutokea ndani kusukuma nje. Akaniapisha nisiwape wale vijana wa kuosha magari wapige kwa mashine, maana vipezi vile ni laini, vikilala havisimami tena.

Akafungua na droo ya dashibodi, nyuma yake kuna filta ya hewa ya ndani. Sitaieleza, kuna watu wanasoma huku wanakula. Ila hiyo kosa lake ni jingine: ikiziba, upepo unakuja mdogo ingawa ni wa baridi. Wangu ulikuwa mwingi na wa moto.

Feni ikawekwa ya mtumba. Gesi ya ziada ikabidi ikatolewe kwenye karakana yenye mashine inayopima kwa gramu, kama karatasi iliyobandikwa chini ya boneti inavyosema. Geji nyekundu kabla ya kutolewa ilipita PSI 350 za presha, wakati kwa hali ya hewa yetu mara nyingi inatakiwa ikae kati ya 150 na 250. Yaani nililipia kujaziwa, nikalipia na kupunguziwa. Sasa kipimajoto kwenye tundu la upepo kinasoma nyuzi 8 gari likiwa limesimama, na mama mkwe amemwambia Mama Neema kwamba baba Neema anataka kumuua kwa baridi.

Juzi nimepita chini ya mwembe, vioo juu. Kijana akanisimamisha, nikashusha kioo, akaingiza mkono, akauacha hapo kwa raha zake.

"Unaona, bosi? Gesi yangu ile. Ilikuwa inajipanga kwanza. Ya soda basi."