Mwigizaji aliyechongwa kwenye shaba: tumwamini?

Pazia likishafungwa, alichokifanya mwigizaji usiku ule kimekwenda na upepo. Kwa London ya karne ya 18, angalau kuna mabaki: waigizaji walichorwa wakiwa ndani ya maleba yao, mchoro ukachongwa kwenye bamba la shaba, ukachapwa na kuuzwa madukani. Je, tukiutazama leo tunaliona jukwaa, au tunaiona bidhaa ya muuza picha?

Wenye shaka hawajakosa hoja. Mchukue David Garrick, mwigizaji mashuhuri wa London, akiwa mfalme Richard III wa tamthilia ya Shakespeare, kazi ya mchoraji William Hogarth iliyotolewa kwa chapa mwaka 1746. Mfalme kashtuka usingizini hemani, mkono mmoja kwenye upanga, mwingine kausukuma mbele, kiganja wazi. Sasa tazama nyuma yake: vilima, mahema, askari wanaota moto. Jukwaa liko wapi? Na chini pale ipo karatasi ya kumwonya Norfolk, kamanda wa upande wa mfalme, ambayo katika tamthilia huonekana asubuhi, tena kwenye hema la Norfolk mwenyewe. Hogarth kaunganisha usiku na asubuhi kwa raha zake. Mchapishaji John Bell alivuka hata hapo: katika picha alizotoa kwa ajili ya tamthilia za Shakespeare miaka ya 1770, wapo waigizaji waliovishwa nafasi ambazo hawakuwahi kuzicheza. Huo si ushahidi, ni kuuza sura za watu maarufu.

Hata hivyo, kuzitupa zote sikubali. Mwaka 1754 James McArdell alichonga, kutokana na mchoro wa Benjamin Wilson, Garrick akiwa Hamlet anayetokewa na mzimu wa babake, mikono kaitanua kwa hofu. Miaka ishirini hivi baadaye Mjerumani Georg Christoph Lichtenberg alimwona Garrick kwa macho yake katika tukio hilohilo, akaandika katika barua: anageuka ghafla, anayumba nyuma hatua mbili tatu, magoti yanalegea, kofia inaanguka, mikono inanyooka, hasa wa kushoto, vidole vimeachana, kinywa wazi. Mchongaji na mwandishi wa barua wanakaribiana mno kwa watu ambao hawakupanga ushahidi.

Mwenye shaka atasema huenda Garrick ndiye aliyeufuata mchoro, kwa kuwa watazamaji walishaununua na sasa walikuja kuutafuta jukwaani. Inawezekana. Lakini ikiwa hivyo, mchoro wenyewe ulishakuwa sehemu ya onyesho, na hoja ya kuutupa inazidi kudhoofika. Mimi naamini mikono kuliko mandhari.

Kamera nayo haikumaliza ubishi. Ira Aldridge, mwigizaji mweusi mzaliwa wa New York, alichongwa akiwa Aaron katika Titus Andronicus, tamthilia ya Shakespeare, kutokana na dagerotipu, yaani picha ya kamera ya aina ya mwanzo. Sura ni yake bila shaka. Ila dagerotipu ilimtaka mtu atulie tuli kwa sekunde kadhaa mbele ya lenzi, na Aaron wa jukwaani hakuwa na sekunde hizo.