Mguu Wangu wa Kushoto Ni Bosi

Jamani, hapa Goma mtu akikosa shida, watu watamtafutia. Mimi shida ninazo za kunitosha na za kukopesha: makala, yaani makaa ya kupikia, yamepanda bei, maji ni ya kufuata ziwani na bidoni, yale madumu, mvua ikinyesha inabeba udongo wa barabara na kutuachia mawe. Sasa wameniongezea nyingine. Eti nina mguu wa kushoto na siutumii.

Aliyegundua ni Kapiteni. Sisi wasukuma chukudu, vile vyombo vya mti vya kubebea mizigo, tuna timu yetu, tunacheza Jumapili baada ya misa na vijana wa pikipiki, wale wamotari. Wanatufunga kila mara, na sababu inajulikana: wao wiki nzima wamekalia kiti, sisi wiki nzima tumesukuma. Hilo Kapiteni halioni. Anauona mguu wangu.

Mpira ulinijia mbele ya goli, kipa wao amelala chini anashika goti, hakuna mtu. Ila ulikuja upande wa kushoto. Mwenye akili anafanya nini? Anauzunguka, aupate na mguu wa kulia. Nikaanza kuzunguka, taratibu, kwa heshima zote. Nilipomaliza, kipa alikuwa amepona goti, amefunga kamba za viatu, amesimama ananingoja. Mpira wenyewe haukuwepo tena. Mmotari mmoja alikwisha kuondoka nao, bila hata kupiga honi.

Kapiteni akanijia anatetemeka. "Papa, ule mguu mwingine Mungu alikupa wa nini?"

Nikamjibu: "Wa kusimamia."

"Basi uufundishe. Usipoufundisha, unakaa benchi."

Benchi letu lenyewe ni gogo, na limeshajaa.

Kinachonishangaza ni kwamba huyu Kapiteni naye anasukuma chukudu. Kama angekuwa mwalimu au mtu wa ofisini ningemsamehe. Kwa nyinyi mnaosoma mkiwa mbali: chukudu ni ubao mrefu juu ya magurudumu mawili ya mti yaliyovalishwa mpira wa tairi kuukuu, na mbele kuna usukani wa mti. Unapakia mashu, yaani kabichi, viazi, makala, simenti, chochote ambacho gari limekataa. Penye mlima unashuka unasukuma, na hapo miguu yote miwili inatoa jasho, sikatai. Lakini penye tambarare kazi inagawanywa hivi: goti la kushoto linapanda juu ya ubao, kwenye kipande cha kandambili nilichokipigilia misumari ili lisichubuke, na mguu wa kulia unapiga ardhi. Unapiga, unapiga, unapiga. Wa kushoto umekunjwa pale juu unapunga upepo, unaangalia mashamba ya Kibumba yanavyopita.

Huyo si mguu, huyo ni bosi. Ana mto wake wa kukalia, ana mtumishi, na safari ikiisha yeye ndiye anayelalamika kwamba amekufa ganzi. Leo mnataka nimwamshe katika umri huu, nimwambie njoo ujifunze kazi ya mikono?

Mke wangu aliyaona haya zamani, kwa sababu yeye ndiye anayehesabu fedha za viatu. Kiatu cha kulia kinatoboka hadi kidole gumba kinasalimia watu barabarani, cha kushoto bado kinang'aa. Tukitupa, tunatupa kimoja. Chini ya kitanda chetu kuna viatu vya kushoto vimepangwa mstari, vyote vizima. Siku moja anafagia, akaniita: "Baba Furaha, hivi viatu vinamngoja nani?"

Nilishajaribu kununua kimoja peke yake. Nilikwenda Birere kwa muuza mitumba, nikamwomba aniuzie cha kulia tu, nimlipe nusu. Alinitazama miguuni akahesabu, akahesabu tena. "Mze, mimi nauzia watu wazima," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Turudi kwenye mafunzo. Nyumbani kwangu kuna mpwa wangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Huyu chakula hana, sabuni hana, lakini mega za simu hazimwishii. Aliposikia habari ya Kapiteni akafurahi mno. "Mjomba, hii ni rahisi! Unahitaji mpira na ukuta. Unasimama karibu, unapiga pasi kwa mguu wa kushoto, ukuta unakurudishia. Ukizoea, unarudi nyuma hatua chache."

Ukuta! Huyu mtoto amezaliwa hapa hapa. Kuta za mtaani kwetu zimejengwa kwa mawe ya volkano, kila jiwe na pua yake. Huko kwenye video zake ukuta ni laini, unampa mtu mpira alioutuma. Kwetu unapeleka mpira ukutani, ukuta unafikiri kwanza, halafu unaupeleka unakotaka wenyewe. Pasi yangu ya kwanza ya mguu wa kushoto ilikuwa nzuri, naapa. Iligonga pua ya jiwe, ikapaa juu ya uzio, ikaingia kwa jirani ndani ya sufuria ya sombe, majani ya muhogo, iliyokuwa jikoni tangu asubuhi. Mama jirani hakupiga kelele. Aliutoa mpira kwa mwiko, akauweka kwenye sinia, akauleta mpaka mlangoni kwetu. Mpira ulikuwa wa kijani kibichi, unatiririka mawese. Akasema, "Shemeji, hii ni sehemu yako. Nyama nimebaki nazo."

Nikahamia kwenye ukuta wa tajiri mmoja, ule uliopigwa plasta. Mlinzi akatoka na fimbo. "Papa, unafanya nini hapa?"

"Naufundisha mguu."

"Umekosa nini?"

Nikaondoka. Huwezi kumweleza mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo nikaenda uwanjani kwetu jioni, peke yangu na mpwa wangu na simu yake. Uwanja wetu uko juu ya njia iliyopitwa na moto wa volkano ya Nyiragongo mwaka 2002. Mawe madogo tuliyaondoa, lakini katikati kabisa limebaki moja lililoshika ardhi, jeusi, limekaa tu. Tumejaribu kwa nyundo, nyundo ndiyo iliyovunjika. Siku hizi limekuwa mchezaji: mpira ukiligonga, refa hapulizi filimbi, mchezo unaendelea. Kwa kukata mipira hakuna kiungo anayelishinda hapa mtaani.

Mpwa akaanza kunisomea. "Mguu wa kulia uweke pembeni ya mpira, ncha ya kiatu itazame unakotaka mpira uende. Kifundo cha mguu wa kushoto ukikaze, kisilegee. Piga kwa upande wa ndani, si kwa vidole. Kifua kiuinamie mpira kidogo, ukiegemea nyuma mpira utapaa."

Hebu hesabu mambo yaliyomo humo. Mtu anapiga mpira au anaendesha ndege? Nikaweka kulia pembeni, nikakaza kifundo, nikainama, nikapeleka kushoto. Na hapo ndipo nilipoijua siri ambayo Kapiteni haijui na wala mke wangu haijui. Bosi alitoka vizuri! Alikuja polepole, amekaza kifundo, ana nia. Aliyeharibu ni mtumishi. Mguu wa kulia tangu ujana wangu haujawahi kuachwa usimame peke yake mwenzake akifanya kazi. Ulipoona kushoto kunatoka, nao ukataka kupiga ardhi. Ndivyo unavyojua. Ukaruka. Miguu yote miwili ikawa hewani, mpira ukabaki chini unatuangalia, nikakaa kwa makalio juu ya vumbi jeusi.

Mpwa akacheka mpaka akaacha simu. "Mjomba, Kidiaba!"

Robert Kidiaba yule kipa wa Mazembe ni kweli alikuwa akirukaruka kwa makalio, na mwaka 2010 kule Abu Dhabi walipoitoa Internacional ya Brazil 2-0 dunia nzima ilimwona. Lakini Kidiaba alikaa chini baada ya goli. Mimi nilikaa badala ya goli.

Kwa hiyo miezi yote hii watu wanamsema bosi bure. Mguu wa kupiga huwezi kuufundisha kabla ya ule wa kusimama kufundishwa kusimama. Mpwa alipotafuta tena akakuta ndivyo walimu wanavyosema: uanze kwa kusimama kwa mguu mmoja, usitikisike, ndipo uguse mpira. Sasa mnanikuta asubuhi nimesimama mbele ya nyumba kwa mguu wa kulia, nasubiri zamu ya choo. Majirani wanapita, wanasalimu, wanatazama, wanaharakisha. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama tumefiwa.

Halafu mpwa akaja na wazungu wake. Eti Norwe mwaka 2003 watafiti walichukua wanasoka vijana 39, kundi moja likafanya mazoezi kwa mguu dhaifu kwa wiki nane. Mguu dhaifu ukapata nguvu, sawa. Lakini hata ule wenye nguvu nao ukawa bora zaidi. Mmoja wa watafiti hao anaitwa Haaland, si yule wa Manchester City, huyo wakati ule alikuwa mtoto mdogo. Mimi habari hiyo ilinikera. Yaani nimtoe bosi ubaoni, atoe jasho wiki nane, halafu faida aende kuipokea mwingine ambaye hakufanya lolote? Hayo tunayo hapa hapa, hakukuwa na haja ya kuyatafuta Norwe.

Nikamwambia mpwa, niachie na mimi nikutajie watu. Ferenc Puskás wa Hungaria alikuwa mtu wa mguu wa kushoto tu, na aliifungia timu yake ya taifa magoli 84 katika mechi 85. Nani alimwambia akae benchi? Maradona je? Mwaka 1986 dhidi ya Uingereza alifunga mawili: la kwanza kwa mkono wa kushoto, la pili kwa mguu wa kushoto. Maana yake nini? Maana yake mtu akibanwa kabisa, heri atumie mkono kuliko kuusumbua mguu ambao haujazoea!

Mpwa hakukubali. Akanitajia Andreas Brehme wa Ujerumani, ambaye penalti ya Kombe la Dunia mwaka 1986 dhidi ya Meksiko aliipiga kwa kushoto, na ile ya fainali ya 1990 dhidi ya Argentina akaipiga kwa kulia, zote ndani. Akaongeza Ousmane Dembélé, mwenye Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, ya mwaka 2025, ambaye mabeki hawajui watamzuia upande upi kwa sababu miguu yote inafanya kazi. Sawa. Lakini Dembélé hajawahi kuteremka na mashu kutoka Kibumba. Mleteni, mpe chukudu mwaka mmoja, halafu tumpime tena miguu.

Na bado sijawaambia lililo zito. Hivi karibuni, kwenye barabara ya Rutshuru, nilikutana na msukuma chukudu mmoja amesimama anafunga mzigo upya. Nikamtazama miguu, kazi ikanifundisha kuanzia hapo. Kiatu chake cha kushoto kimetoboka, cha kulia kizima! Huyu anasukuma kwa kushoto! Nikamuuliza namba ya kiatu. Arobaini na mbili. Nami ni arobaini na mbili. Nilitaka kumkumbatia, ila alikuwa ameshika kamba.

Tukaelewana pale pale. Kila mmoja ananunua jozi yake, tunabadilishana, yeye anachukua vya kushoto viwili, mimi vya kulia viwili. Vile vya chini ya kitanda nikamuuzia vyote kwa bei ya undugu. Mke wangu kwa mara ya kwanza alinisifu mbele ya mama yake.

Sasa niambieni. Bosi akianza kazi, atadai kiatu. Kiatu cha kushoto kikianza kutoboka, mkataba umekufa. Na mwenzangu huyo, nilipomweleza, akashika kichwa: kumbe kapiteni wa kwao naye anamlazimisha afundishe wa kulia. Hawa makapiteni hawana huruma na uchumi wa watu.

Tukakaa tukatafuta dawa. Tukaenda wote wawili kwa Kapiteni, na tulizungumza kwa adabu. Tukamwambia, Kapiteni, usihangaike. Mchukue na huyu, mpange pembeni kushoto, mimi unipange kulia. Mpira ukija kushoto ni wake, ukija kulia ni wangu. Una miguu miwili mizuri, imewekwa tu kwa watu wawili.

Kapiteni akafikiri. Akakuna ndevu. "Na ukija katikati?"

Nikamwambia katikati kuna lile jiwe.