Kadi ipi impime mtoto mwenye Sindromu ya Down?

"Mama, mtoto huyu unamlisha nini?" Swali hilo huulizwa kwenye mizani ya kliniki mjini Kigoma, iwe Ujiji au Mwanga, mbele ya foleni ya akina mama wenzake, pale uzito unapoangukia chini ya mstari wa kadi ya ukuaji. Mama wa mtoto mwenye Sindromu ya Down hurudi nyumbani na aibu, akiamini ugali wake wa muhogo na dagaa ndivyo vilivyomdumaza mwanawe.

Mstari huo hufuata vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wenye afya njema wa nchi sita, Ghana ikiwemo. Mtoto mwenye Sindromu ya Down, yaani aliyezaliwa na kromosomu ya 21 (kibeba-urithi ndani ya seli) mara tatu badala ya mbili, hakui kwa mwendo huo. Ni mfupi kwa maumbile, misuli yake imelegea, na kunyonya humchosha. Ndiyo maana Marekani walichora mistari ya watoto hawa peke yao, ikachapishwa mwaka 2015 baada ya kupima zaidi ya watoto 600 wa eneo la Philadelphia. Wanaotaka mistari hiyo itumike Kigoma wana hoja nzito: mama asibebeshwe kosa asilolitenda.

Hofu yangu iko kwenye neno "kawaida". Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na kasoro ya moyo, na tezi ya thairoidi, ile ya shingoni inayotoa homoni za kukuza mwili, huzembea kwao kuliko kwa wengine. Yote mawili huzuia kukua. Kadi ikisema "yuko sawa na wenzake", nani atakumbuka kumsikiliza moyo? Mtoto wa Philadelphia ana daktari wa upasuaji jirani. Wa Kigoma anatazamia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja kwa reli.

Halafu mambo hugeuka. Aliyekuwa mwembamba uchangani huanza kunenepa kadiri anavyokua, kwani tafiti kadhaa zimeona mwili wake ukipumzika huchoma nguvu kidogo. Mawese yaliyomwokoa akiwa mchanga sasa yanamzidi, na majirani wanasifu, "Mtoto kanawiri!" Hapa mistari maalumu hupotosha, maana imechorwa kwa watoto ambao wengi wao walikuwa wazito tayari. Madaktari wa watoto wa Marekani wenyewe hushauri kwamba baada ya miaka 10, uzito kwa urefu upimwe kwa mistari ya watoto wote.

Kwangu mimi, mistari maalumu ikae pembeni ya kadi ya kawaida, hasa kwa urefu, wala isichukue nafasi yake. Kipimo cha damu cha thairoidi kifanyike mtoto anapozaliwa, miezi 6, miezi 12, kisha kila mwaka. Na pale kwenye mizani muuguzi amsogeze mama kando ya foleni, atafute dalili za moyo kwa kumuuliza: "Mama, akinyonya hutoka jasho? Hupumzika mara ngapi kabla hajashiba?"