Nairobi Huru? Kwanza Niambieni Hili Shimo ni la Nani

Sahii huwezi nyolewa kwa amani hii Nairobi. Ukikaa tu kwa kiti kinyozi anaanza, ati mji huu ujitawale, ubaki na kodi zake, uwache kubeba kaunti zingine 46 mgongoni. Na mimi siwezi bisha na mtu ameshika wembe karibu na shingo yangu, lakini ukweli usemwe, mara ya kwanza kuiskia hiyo stori niliipenda. Manake hesabu inauma. Watu wa takwimu wa serikali wenyewe wanasema zaidi ya robo ya uchumi wa Kenya iko hapa, hii kaunti moja ndogo yenye watu milioni 4.4 kwa sensa ya 2019, alafu City Hall ikienda kuchukua mgao kutoka Hazina inapewa kama bilioni 20 kwa mwaka. PAYE yangu, ile kodi ya mshahara, inaenda juu kwa serikali kuu, VAT yangu inaenda juu, ushuru wa bia yangu unaenda juu (huo angalau nalipa kwa moyo mmoja). Katiba kifungu cha 209 imeachia kaunti kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na ada za huduma, ingine yoyote mpaka Bunge iruhusu. Sasa unajua kwa nini ukisimamisha gari tauni uteremke ununue maji, ukirudi kuna kijana wa risiti ya parking amesimama hapo kama jamaa yako. Ni yeye amebaki kuwa uchumi wa kaunti.

Kwa hivyo sawa, tujitawale. Shida ni kwamba hii kitu tushawahi pewa tukanyang'anywa mpaka ikakuwa mazoea. Mwaka wa 1983 serikali ilivunja baraza la mji ikaleta tume, na tume ikakaa hadi 1992, kuna watoto walizaliwa, wakatembea, wakaanza shule, na bado hawajui meya ni kitu gani. Ikaja Katiba ya 2010, tukapata magavana 2013, tukaimba. Februari 2020 gavana wetu Sonko akaitwa Ikulu akasaini, na afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya mji zikaenda kwa NMS, ofisi ya serikali kuu, chini ya jenerali wa jeshi, Badi. Disemba hiyo hiyo Seneti ikamtoa Sonko mwenyewe. Na unajua kilichoniudhi? Sisi. Badala ya kulia tumenyang'anywa uhuru tulikuwa tunapiga picha lami. Visima vimechimbwa mtaani, watu wanasema afadhali jenerali. Mtu wa Nairobi atakuambia anataka kujitawala mpaka aone greda ikipita kwao.

Saa hizi mimi sitaki hata mambo makubwa. Nataka kujua shimo lililo karibu na steji yetu huku Umoja ni la nani. Hilo shimo limekaa hadi makonda wanaliita kituo, abiria anasema nishukishe shimoni na hakuna mtu anacheka. Nilipiga simu. Ofisi ya kwanza ikasema hiyo barabara ni ya wenzetu. Ya pili ikasema ilikuwa yetu lakini si yetu tena. Ya tatu mama mmoja mpole sana akaniuliza, "Kwani wewe ndio nani, kaka?" na swali lilikuwa zuri nikakosa jibu. Ngoja tu pesa za kulitengeneza zitoke, utaona hilo shimo litakavyopata baba watatu na utepe wa kukata. Na mkisema naongeza chumvi, kumbukeni Februari 2025, Kenya Power na kaunti wanadaiana mabilioni, huyu anakata stima, yule analeta lori za taka anamwaga kwa lango la Stima Plaza, makao makuu ya Kenya Power. Mchana! Mimi harufu ilinipita, kitu ilinishangaza ni kujua lori kumbe zipo.

Sasa kuna kijana wa ofisini kwetu Industrial Area, mtu wa tai, yeye jibu lake ni moja tu: Singapore. Angalia Singapore, Singapore ilitoka Malaysia 1965 na leo iko wapi. Nikamwambia buda, Singapore haikutoka, ilifukuzwa, na mpaka leo inanunua maji Johor, jimbo la Malaysia, kwa mkataba wa 1962, senti tatu za Malaysia kwa galoni elfu moja. Sisi maji yetu mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, na Ndakaini iko Murang'a. Wewe unawajua watu wa Murang'a? Unadhani watatuuzia kwa senti tatu hadi lini, hadi Jumanne? Na hapo bado hatujafika Nyandarua kuulizia bwawa la Sasumua, hatujafika Naivasha kuuliza kama stima ya Olkaria itaendelea kuja ama tutafute mishumaa. Akanyamaza, akarekebisha tai.

Jioni nikamuuliza mathe wa kibanda maoni yake.

"Mathe, tujitawale?"

"Tujitawale na nini, mwanangu? Hizi nyanya ni za Mwea. Viazi ni Kinangop. Hicho kitunguu unashika-shika bila kununua kimepitia Namanga, kimetoka Tanzania."

"Na ya Nairobi ni gani hapa?"

Akaangalia meza yote. "Ni hiyo mifuko," akasema, "na hata hiyo imepigwa marufuku."

Mipaka nayo ndio kichekesho. Rongai na Kitengela ni Kajiado, Mlolongo na Syokimau ni Machakos, Ruaka ni Kiambu, yaani nusu ya wafanyakazi wa mji watakuwa wageni wa kupigwa muhuri kila asubuhi, na hiyo foleni itaanzia wapi mimi sijui. Jeshi tunalo tayari, kanjo, wale askari wa kaunti, na nina imani adui yeyote akiingia na mkokoteni wa ndizi hatoboi soko la Muthurwa.

Lakini nchi inataka wenyewe, na hapo ndio naona tutakwama. Uliza mtu yeyote hapa kwenu ni wapi. Hakuna atasema Nairobi. Mimi nilizaliwa Pumwani, nikasomea Eastlands, na ukiniuliza nasema Vihiga, mahali najua njia moja tu, ya kutoka barabarani mpaka kwa nyanya. Huko ndio najenga. Hapa bafu inavuja na namwachia landilodi, huko natuma pesa ya simiti. Tunaishi mji wote kama ploti ya choo kimoja, kila mtu ana ufunguo na hakuna wa kushika ufagio.

Kwa hivyo hata tukipewa uhuru kesho, na wimbo, na bendera, Disemba tarehe 20 serikali nzima itafungwa. Waziri wa Fedha atakuwa ameenda Kisii, Waziri wa Maji yuko Kitui kwa dowry ya binamu, Waziri wa Ulinzi yuko hapa tu steji ya Machakos Country Bus anabishana na konda kuhusu nauli kupanda mara mbili. Bendera ataachiwa keateka, na keateka ashaniambia yeye amekata tiketi ya saa mbili usiku.