Simba aliingia, sange alikuwepo

Mwandishi wa makala kuhusu safari za kale za wanyama anadai kwamba Afrika ilipogongana na Asia, yapata miaka milioni 20 iliyopita, wanyama walitoka kwetu tu, kana kwamba njia ilikuwa ya upande mmoja. Hapana. Ukoo wa tembo ulitoka kweli, ukafika hadi Amerika, lakini faru, swala na ukoo wa simba na chui waliingia kutoka Asia. Mababu wa punda milia walichelewa kuliko wote. Wenyeji hasa ni wale ambao watalii hawawafuati. Sisi wa Malindi tunaye sange pale msitu wa Arabuko-Sokoke: pua ndefu ikipekua majani makavu, matako ya manjano, ukimkaribia anapiga mkia chini pa pa pa, kisha huyoo! Watu humwita panya, kumbe ni ndugu wa tembo, sawa na pimbi na nguva. Halafu lile joto la dunia la miaka milioni 17 hadi 14 iliyopita, ambalo mwandishi anasema lilisaidia safari hizo, halikusaidia tu. Bahari nayo ilipanda ikaifunika njia ya nchi kavu kati ya Afrika na Asia kwa vipindi. Wenzangu wa Lamu, huko Kiunga nguva bado mnamwona?