Polio tunaitazama mguuni, nayo iko kifuani

Fundi mmoja wa cherehani pale Majengo, Moshi, ana miezi hajalala kitandani. Analala kwenye kiti, mito miwili mgongoni, mguu wenye chuma ameunyoosha juu ya stuli. Polio ilimpata akiwa mtoto. Akilala chali, anasema, kifua kinagoma. Anaamka na kichwa kinachogonga hadi saa nne, kisha anasinzia juu ya mashine, sindano ikiwa bado imezama kwenye kitambaa. Alipokwenda kutibiwa alibanwa kipimo kidoleni, oksijeni ikaonekana imeshuka kidogo, akawekewa oksijeni, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani.

Mhudumu yule alitumia alichokuwa nacho, simbezi. Tangu UVIKO-19 oksijeni imeongezeka hospitalini, nayo inaokoa watoto wenye nimonia. Mwenye kupanga bajeti naye ana haki ya kuuliza: mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa, ambayo mtu kama fundi huyu anaweza kuihitaji, ni ghali, inakula umeme usiku kucha, inataka mtu anayejua kuipanga. Tununue kwa ajili ya wangapi? Polio si imeisha?

Kwenye hilo "imeisha" ndipo hesabu inapopotea. Kirusi cha asili cha polio kilionekana nchini mara ya mwisho 1996. Udhaifu mpya unaowarudia walionusurika kwa kawaida huanza miaka 15 hadi 40 baada ya ugonjwa wenyewe. Sasa piga hesabu: hata mtoto wa mwisho wa 1996, kipindi hicho kwake kilianza 2011 na kinakwenda hadi 2036. Hapo sijawagusa waliougua miaka ya 70 na 80, ambao leo ndio mafundi, wauza duka na bibi wa watu. Chanjo ilizuia wagonjwa wapya. Hawa iliwakuta tayari wana magongo.

Si kwamba kirusi kimeamka. Kiliua sehemu ya neva zinazoendesha misuli, zilizosalia zikabeba mzigo wa wenzake, na baada ya miongo zinaelemewa. Zikiwa ni neva za kiwambo, ule msuli mpana wa kupumua ulio chini ya mapafu, na za misuli ya mbavu, pumzi inakuwa fupi, kwanza usiku. Hewa ukaa haitoki yote, inabaki kwenye damu, na ndiyo inayomgonga fundi kichwa asubuhi.

Kinachonitisha ni ile nafuu. Mwongezee oksijeni mtu wa namna hii bila kumsaidia kusukuma hewa, na kipimo cha kidoleni kitapanda vizuri hadi asilimia 97. Kila mtu ataridhika. Hewa ukaa, ambayo kipimo hicho hakiioni, itaendelea kujaa, na oksijeni yenyewe inaweza kuupunguzia ubongo hamu ya kupumua. Mgonjwa anazidi kusinzia, na waliomzunguka wanashukuru kwamba hatimaye amepata usingizi.

Nakubali, wengi walionusurika polio hawatahitaji mashine hata siku moja, na anayehema anaweza kuwa na moyo mbovu au pumu. Basi tuanze na kilicho rahisi. Mgonjwa apulize kwenye spiromita, kifaa kinachopima hewa ya mapafu, akiwa ameketi, kisha apulize tena akiwa amelala chali. Kiasi cha hewa kikishuka kwa asilimia 25 au zaidi, kiwambo kinashukiwa. Hapo ndipo damu ipimwe hewa ukaa na habari ya mashine ijadiliwe, na ya betri ya kuishikilia umeme ukikatika.

Mji huu una TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC; chuma cha mguu kwetu si kigeni. Labda ndiyo maana ukitaja polio macho yote yanashuka chini.

Fundi amepangiwa kupuliza wiki ijayo. Kuketi hakumpi shida. Ameuliza tu, hiyo ya kulala chali itachukua dakika ngapi.