Njia fupi kwenye ramani si njia fupi kwa tanga

Mwandishi wa makala moja kuhusu safari za merikebu anasema manahodha wa zamani "walipoteza muda" kwa kuzunguka mbali badala ya kunyoosha moja kwa moja. Hapana, ndugu mwandishi! Merikebu ya matanga haiendi moja kwa moja kinyume cha upepo. Inabisha, huku na huku, siku nzima kwa maili chache. Na ikiingia kwenye shwari ya ikweta, eneo ambalo upepo hukatika kwa siku nyingi, maji ya kunywa yanaoza mapipani na watu wanaugua.

Mwaka 1611 nahodha Mholanzi Hendrik Brouwer alipita Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, akashuka kusini zaidi hadi kwenye pepo kali za magharibi, akasukumwa mashariki, kisha akapanda kaskazini hadi kisiwa cha Java, Indonesia ya leo. Njia hiyo ilifupisha sana safari kutoka Uholanzi, ilhali wengine walichukua karibu mwaka.

Hatari yake ilikuwa kutojua lini ugeuke kaskazini, kwani longitudo, yaani umefika wapi mashariki au magharibi, ilikuwa ya kukisia. Mwaka 1629 mlinzi wa merikebu Batavia aliona weupe mbele usiku; nahodha akadhani ni mbalamwezi juu ya maji. Ilikuwa miamba ya Abrolhos, magharibi mwa Australia: walichelewa kugeuka.